Saa 10 kati ya 200

Emanuel Lasker, Mjerumani aliyekuwa bingwa wa dunia wa chesi kuanzia 1894 hadi 1921, aliacha ndani ya kitabu chake cha mafunzo hesabu fupi ambayo mimi, kwa kuwa ni mhasibu, niliipenda kabla ya kukipenda kitabu chenyewe. Alijiuliza hivi: mtu wa kawaida, asiye na kipaji cha ajabu, akipewa saa 200 za kujifunza, azigawe vipi? Akapanga: saa 5 kwa kanuni na mazoezi yake, saa 5 kwa namna za msingi za kumaliza mchezo, saa 10 kwa baadhi ya funguzi, saa 20 kwa mashambulizi ya mahesabu, saa 40 kwa kuisoma hali ya ubao. Zilizobaki, saa 120, ni za kucheza na kuchambua.

Jumlisha mwenyewe, zinatimia. Funguzi zimepata asilimia 5. Na Lasker hakuwa mtu wa kubahatisha tarakimu; alikuwa na shahada ya udaktari katika hisabati.

Katika ukumbi tunaochezea Jumamosi jioni hapa Dar es Salaam, hesabu hiyo imepinduliwa miguu juu. Vijana wanakuja na simu zilizojaa vitabu vya funguzi. Wanatazama video za funguzi kwenye daladala. Ukimuuliza mtu ameboresha nini mwezi huu, anakutajia jina la ufunguzi, tena kwa matamshi mazuri. Mmoja wao ni fundi simu, kijana mwenye akili nyepesi na mikono mepesi zaidi. Siku moja alinifuata na uso umemshuka.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Vipi mashindano?”

“Mabaya. Nimepigwa na mzee mmoja hivi, na ufunguzi nilikuwa naujua wote.”

“Ufunguzi gani?”

“Sicilian. Najdorf. Nimeukariri mpaka hatua ya ishirini na mbili.”

“Yeye alicheza nini hatua ya pili?”

“Alisogeza askari wa c. Mraba mmoja tu.”

“Ukafanyaje?”

“Nikafikiri sana.”

Kwa msomaji asiyecheza: ubao una safu nane za kusimama zilizopewa herufi a hadi h, na mistari minane ya kulala iliyopewa namba 1 hadi 8, kuanzia upande wa kete nyeupe. Kila mraba una anwani yake, e4, c3, na kadhalika. Ufunguzi ni zile hatua za mwanzo ambamo kila upande unatoa kete zake nyumbani, unagombea katikati ya ubao na kumtafutia mfalme mahali salama. Kwa karne kadhaa watu wameziandika, wakazipa majina ya miji, nchi na wachezaji. Najdorf ni jina la Miguel Najdorf, mzaliwa wa Poland ambaye vita vya 1939 vilimkuta Buenos Aires kwenye mashindano, akabaki huko huko Argentina. Kuna ensaiklopidia ya funguzi iliyotolewa Yugoslavia, yenye majuzuu matano, iliyozigawa katika mafungu 500, kuanzia A00 hadi E99. Ukiiona rafuni unaelewa kwa nini vijana wanadhani siri imo humo.

Sasa tazama alichokuwa anakisubiri yule fundi simu. Ili Najdorf itokee, Nyeupe lazima asogeze askari hadi e4, halafu amtoe farasi f3, halafu asogeze askari d4, halafu farasi yule yule amle askari pale d4, halafu farasi wa pili aje c3. Hatua tano za mtu mwingine, ambaye hajasoma kitabu chako, wala hana deni lolote kwako. Mzee aliachana naye kwenye hatua ya pili, na kurasa zote za hatua ya sita mpaka ya ishirini na mbili zikawa karatasi.

Nilimwekea ubao, nikamuuliza askari yule wa c3 anataka nini. Akajibu vizuri: anataka kumsindikiza mwenzake wa d4, ili akiliwa pale, askari mwingine achukue nafasi na katikati ibaki ya Nyeupe. Sawa. Na amekaa kwenye kiti cha nani? Hapo alinyamaza, akautazama ubao. C3 ndio mraba wa asili wa farasi wa upande ule. Basi Nyeusi anaweza kusogeza askari wake d5 mara moja. Nyeupe akila, malkia mweusi anakula pale d5 na kusimama katikati kabisa ya ubao. Kwa kawaida hilo ni kosa la wanaoanza, kwa sababu farasi anaruka c3 na kumfukuza malkia huku akijipatia hatua ya bure. Safari hii farasi hana pa kukanyaga. Kijana alicheka kwa sauti. Sababu moja tu, na inatosha kumwongoza mtu hatua sita au saba zinazofuata bila kukariri hata moja.

Wenye bidii huniambia, “Basi nitakariri na hiyo ya c3.” Fanya hesabu kwanza. Nyeupe ana hatua 20 za kuanzia: 16 za askari na 4 za farasi. Nyeusi naye ana 20 za kujibu, kwa hiyo baada ya kila mmoja kucheza mara moja kuna njia 400. Nyeupe akicheza tena, njia ni 8,902. Nyeusi akijibu mara ya pili, 197,281. Hapo kila mtu amecheza mara mbili tu. Nyingi kati ya njia hizo ni za kijinga, nakubali, lakini watu wa kiwango chetu tunacheza za kijinga kila Jumamosi, na vitabu havina habari nazo.

Tena kichwa chenyewe hakipendi kuhifadhi visivyo na maana. Mwaka 1973 watafiti wawili wa Marekani, William Chase na Herbert Simon, walichapisha jaribio ambalo kila mwalimu wa chesi angepaswa kulijua. Waliwaonyesha wachezaji ubao wenye kete kwa sekunde chache, wakauondoa, kisha wakawataka waupange upya kwa kumbukumbu. Kete zilipokuwa zimetoka katika mchezo wa kweli, mchezaji mahiri alimwacha mbali anayeanza. Kete zilipotawanywa ovyo, umahiri ule ulikaribia kupotea wote. Bingwa na mwanafunzi wakawa karibu sawa. Mahiri hana kumbukumbu kubwa kuliko ya kwako. Anaona makundi: mfalme aliyejificha nyuma ya askari watatu, farasi na askofu wanaolenga mraba mmoja. Anayekariri hatua 22 za Najdorf bila kujua kwa nini askari mmoja kasogea a6 anajaribu kukumbuka ubao uliotawanywa ovyo.

Kwa hiyo mimi huwafundisha ufunguzi mmoja kwa kuuchimba, na huwa nachagua wa Kiitaliano. Una karne nyingi, bado mabingwa wa leo wanaucheza, na unafundisha karibu kila kitu. Nyeupe e4: askari anashika katikati na kuwafungulia njia askofu na malkia. Nyeusi e5, vivyo hivyo. Nyeupe farasi f3, anamtishia askari wa e5. Nyeusi farasi c6, anamlinda. Nyeupe askofu c4: anatazama f7, mraba ambao mwanzoni mwa mchezo unalindwa na mfalme peke yake. Nyeusi askofu c5, naye anatazama f2 kwa sababu hiyo hiyo.

Mpaka hapa hata mtoto wa darasa la tatu anafuata. Utamu unaanzia hatua ya nne, Nyeupe anaposogeza askari c3. Ni yule yule aliyemsumbua fundi simu, na anataka kitu kile kile: d4, ikiwezekana kwa kumgonga askofu wa c5 wakati huo huo. Nyeusi anajibu kwa farasi f6, anamtishia askari wa e4, maana yake “ukikimbilia d4 sasa hivi, nami nitapata changu.” Wachezaji wengi wa leo hawakimbilii. Wanasogeza d3, mraba mmoja, wanailinda e4 na kusubiri. Kisha kila upande unamhifadhi mfalme: anaruka miraba miwili kuelekea kwenye ngome, na ngome inamvuka na kukaa ubavuni mwake.

Sasa ukimwonyesha anayeanza ubao huu, atasema hakuna kinachoendelea. Kinaendelea sana. Swali lililo mezani ni moja: nani atasogeza askari wake wa d kwa nguvu kwanza, Nyeupe d4 au Nyeusi d5, na je, atakuwa amejiandaa? Ukilishika swali hilo, hatua zote zinazofuata zinajieleza zenyewe. Ngome ya Nyeupe inahamia e1. Kwa nini? Inailinda e4, na pia inaacha f1 wazi. Wazi kwa ajili ya nani? Kwa farasi wa upande wa pili, ambaye alinyimwa c3, kwa hiyo anazunguka: d2, halafu f1, halafu g3, ambako anautolea macho mraba wa f5 karibu na mfalme mweusi. Safari ndefu, hatua tatu kwa farasi mmoja, lakini katikati imefungwa na hakuna wa kumwadhibu. Nyeusi naye husogeza askari a6, jambo linaloonekana kama uvivu. Anamwandalia askofu wake wa c5 pa kukimbilia, a7, pindi Nyeupe atakapomfukuza kwa b4. Askofu wa Nyeupe naye, akisumbuliwa, ana b3 na baadaye c2, mlango ambao askari wa c3 aliuacha wazi aliposogea.

Nikimaliza maelezo hayo huwa nafuta mpangilio wa hatua kabisa. Nawaambia wacheze wao kwa wao kuanzia ubao ule, mara kadhaa, kila mmoja akibadilisha upande, na wasinitajie namba ya hatua. Anayejua kwamba farasi anaelekea g3 na kwamba vita ni vya d4 na d5 hapotei mpinzani akibadilisha utaratibu. Atahamishia ngome e1 kabla ya kumhifadhi mfalme? Hapana, haiwezekani. Atatoa farasi kabla ya kusogeza h3? Inawezekana, acha tuone. Maswali ya namna hiyo ndiyo somo.

Kuna ubaguzi, na mwalimu anayesema “usikariri kamwe” anawauza wanafunzi wake. Ndani ya Kiitaliano hicho hicho, Nyeusi akimtoa farasi f6 katika hatua ya tatu badala ya askofu c5, Nyeupe anaweza kurukia g5 na farasi wake, na sasa farasi na askofu wote wawili wanatazama f7. Nyeusi anasogeza askari d5 kuziba njia ya askofu, Nyeupe anakula. Hatua ya kawaida, ya kibinadamu, ni kumla yule askari kwa farasi. Ukifanya hivyo, farasi wa Nyeupe anajitoa mhanga f7, mfalme wako analazimika kumla, malkia anatoka f3 kwa shaha, yaani akimtishia mfalme, na ili usimpoteze farasi wa d5 mfalme wako anatembea hadi e6, katikati ya barabara, mapema asubuhi. Waitaliano na Waingereza wamelipa shambulio hilo jina la ini, Waingereza wakaongeza kwamba limekaangwa. Jibu sahihi ni farasi mwingine, wa c6, kurukia a5 na kumsumbua askofu. Nyeusi anabaki na askari pungufu, lakini kete zake zinatoka haraka na Nyeupe anatumia muda kukimbiakimbia. Hili huwezi kuligundua mwenyewe ubaoni saa ikihesabu. Hili likariri. Kwenye kila ufunguzi kuna sehemu mbili tatu za aina hii, ambako kosa moja linamaliza mchezo, na ndizo zinazostahili kukaririwa. Zilizobaki zielewe.

Mtego wa mati ya hatua nne, malkia na askofu juu ya f7, nao ujue ili usiingie. Kuucheza kila siku dhidi ya wadogo zako ni uonevu usio na faida.

Wazee wetu wa bao hawakuwahi kuwa na kitabu cha namua. Mchezaji wa bao la Kiswahili anaanza na kete 10 ubaoni, sita kati yake zikiwa kwenye nyumba, na 22 mkononi, na kipindi chote cha kuzitia zile 22, yaani namua, ndicho ufunguzi wake. Alijifunza kwa kukaa barazani na kutazama michezo ikichezwa mwanzo hadi mwisho, mjomba akila, mjomba akiliwa, watu wakibishana. Aliona mwanzo na matokeo yake kwa pamoja. Chesi nayo hufundishika hivyo, na ndiyo sababu sitoi ufunguzi bila mchezo mzima wa kuusindikiza.

Kwa wanaoanza mchezo huo ni ule wa Paul Morphy, Paris, 1858. Morphy, Mmarekani wa New Orleans, alikuwa kwenye jumba la opera, na waungwana wawili, Duke wa Brunswick na Count Isouard, wakacheza naye wakiwa upande mmoja. Hatua 17 tu. Katika hatua ya tatu wale wawili walimtoa askofu mapema kwenda g4, na kwa sababu ya hatua hiyo moja walilazimika kumbadilisha kwa farasi na kumtoa malkia mweupe nyumbani bure. Katika hatua ya saba malkia alikwenda b3, akatishia f7 na b7 kwa pamoja. Hapa huwa nasimamisha. Hatua inayofuata Morphy angeweza kumla askari wa b7. Lakini malkia mweusi angetoka b4 kwa shaha, malkia wangebadilishana, na mchezo ungekuwa mrefu. Aliacha yule askari, akamtoa farasi c3. Vijana wengi hulalamika: askari wa bure! Ninawaacha walalamike. Kuanzia hapo kete za Nyeupe zinaingia moja baada ya nyingine, anatoa farasi, anatoa ngome, mwisho anamtoa malkia mwenyewe b8, na mati inatolewa na ngome na askofu. Ukitazama ubao wa mwisho, askofu mweusi wa f8 na ngome ya h8 hawajasogea hata mara moja. Mfalme wao pia yuko pale pale alipozaliwa.

Hakuna kanuni ya ufunguzi ambayo mchezo ule hauifundishi, na hauna hata sentensi moja ya kukariri.

Turudi kwenye saa 120 za Lasker, za kucheza na kuchambua, kwa sababu hapo ndipo ufunguzi wenyewe hujifunzwa hasa. Daftari langu lina utaratibu ambao nawalazimisha wanafunzi waufuate, na wanaulalamikia. Baada ya mchezo wowote wenye muda wa kufikiri, si ule wa dakika tatu, andika hatua zote. Kabla ya kuwasha kompyuta, tafuta hatua ya kwanza ambapo hukujua tena ufanye nini. Piga mstari chini yake. Andika ulidhani nini na uliogopa nini. Baada ya hapo ndipo ufungue hazina ya michezo, ile ya Lichess ni ya bure, utazame wengine walifanya nini kwenye ubao huo huo. Hazina hiyo ina sehemu ya mabingwa na sehemu ya watu wa kawaida, na unaweza kuchagua viwango. Anza na watu wa kiwango chako, kwa sababu ndio utakaokutana nao, mabingwa baadaye. Chukua hatua moja, iandike pamoja na sababu yake kwa maneno yako, funga daftari. Sababu isipopatikana, hatua hiyo usiitumie bado, hata kama ni nzuri.

Ukifanya hivi, ufunguzi wako unakua kutokea pale ulipopotea. Mchezo huu ulipotea hatua ya tano. Unaokuja pengine wa sita. Baada ya msimu mmoja una kitabu ambacho hakiuzwi popote, na kila mstari wake una jina la mtu aliyekufundisha kwa kukupiga.

Kompyuta nayo ina adabu zake. Stockfish, programu ya bure inayomshinda binadamu yeyote, itakuambia hatua yako ni pungufu kwa sehemu tatu za kumi za askari kuliko hatua nyingine. Kwa mtu anayeacha farasi wazi mara moja kila mchezo, tofauti hiyo haina maana yoyote. Mbaya zaidi, mara nyingi hatua inayoisifia ni nzuri kwa sababu ya jambo litakalotokea hatua kumi na mbili mbele, jambo ambalo wewe hutaliona ukifika. Nawaruhusu kuiuliza swali moja: “Je, kuna kete niliyopoteza hapa?” Ikisema ndiyo, tunakaa. Ikisema sehemu tatu za kumi, tunaizima.

Hapo huwa naulizwa mbona mabingwa wanasoma funguzi usiku na mchana. Kweli wanasoma. Mwaka 2018 London, Magnus Carlsen na Fabiano Caruana walicheza michezo 12 ya kugombea ubingwa wa dunia kwa muda mrefu wa kawaida, na yote 12 ilitoka sare. Ikabidi waamue kwa michezo ya haraka, Carlsen akashinda. Watu wawili ambao karibu hawakosei, kila mmoja na timu ya wataalamu na kompyuta nyuma yake: kwao robo ya askari ni mali. Bingwa mwingine, Bobby Fischer, aliuchoka ugonjwa huo wa kukariri mapema. Mwaka 1996 akiwa Buenos Aires alitangaza aina ya chesi ambayo kete za nyuma zinapangwa kwa kura, mipangilio 960, ili kukariri kusimsaidie mtu. Ugonjwa wa Fischer na Caruana sisi wa ukumbini hatujaupata bado. Tunakunywa dawa yake tu.

Kuhusu kuchagua, sina mengi. Mmoja kwa kete nyeupe, mmoja wa kujibu e4, mmoja wa kujibu d4, na ukae nazo angalau mwaka. Kijana achague zenye ubao wazi na ugomvi, Kiitaliano na hata gambiti, ambako askari anatolewa sadaka ili kete zitoke haraka, kwa sababu ugomvi unafundisha mahesabu na umri wake unaruhusu kupigwa. Ule mfumo wa London, ambao Nyeupe anacheza hatua zile zile bila kumtazama mpinzani, una watetezi wengi na sikatai kwamba ni salama. Nimeona tu watu wakiucheza miaka mitatu bila kuuliza swali hata moja. Ukubwani, mwenye kazi na watoto, huo hapo, karibu.

Na anayetaka kujua kama amefika wakati wa kuongeza zile saa 10, afanye kazi ya kihasibu. Achukue michezo aliyopoteza karibuni, achore safu nne: ufunguzi, kete iliyoachwa wazi, saa iliyoisha, mwisho wa mchezo ulioshindikana. Kila mchezo uingie safu moja tu, ile iliyoua kweli. Ukitoka vibaya kwenye ufunguzi, kisha ukarudi sawa, kisha ukaacha ngome, hiyo ni safu ya pili, usidanganye. Sijawahi kuona daftari la mchezaji wa ukumbi wetu ambalo safu ya ufunguzi ndiyo ndefu kuliko zote. Siku nitakayoliona nitampa mwenye nalo vitabu vyangu vya Sicilian, vyote, na nauli ya kuvibeba.

Swali la mwisho huulizwa jioni ya kuamkia mashindano, na huulizwa kwa woga: “Akicheza kitu ambacho sijawahi kukiona?” Tuseme amecheza a4, askari wa pembeni kabisa, miraba miwili, hatua ya kwanza. Vijana wengi hapo hutafuta adhabu. Hakuna adhabu. Hajakosea kiasi cha kuadhibiwa. Amekupa hatua moja ya bure, basi. Weka askari e5. Akikuachia d5, chukua na hiyo. Toa farasi wote wawili, toa askofu, mhifadhi mfalme, unganisha ngome zako mstari wa nyuma. Tazama saa yako wakati huo: kama umetumia zaidi ya dakika tano kufika hapo, umezitumia kumwogopa askari wa a.